Nungunungu Aliyetumwa: Kumsoma Mabanckou Tukiwa Bagira



Wengi wenu mnalijua jina la Alain Mabanckou juu ya "Verre Cassé", kitabu cha mwaka 2005. Leo nataka tuongee juu ya kile kilichofuata, "Mémoires de porc-épic", kilichotoka Paris mwaka 2006 kwa mchapishaji Seuil na kupata tuzo ya Renaudot mwaka ule ule. Ni kitabu kidogo, mtu anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Ni kitabu cha giza, lakini kinachekesha, na mambo hayo mawili kukaa pamoja njo kunasumbua watu. Rafiki mmoja wa promosheni yangu alinirudishia akiwa amefika katikati tu. Akaniambia: "Yaya, hii ni mambo ya balozi. Siwezi weka hii mu nyumba na batoto." Nilimwelewa. Lakini naona hofu yake ilimzuia kusoma kile kilichokuwa mkononi mwake. Neno langu la leo ni moja: kitabu hiki si juu ya mchawi. Ni juu ya yule anayetumwa na mchawi, na kwetu Kivu hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa wale hawajaisoma. Tuko Kongo-Brazzaville, katika kijiji kinaitwa Séképembé. Pale kuna imani kwamba kuna watu wenye mwenzi mnyama. Wenzi wengine ni wa amani: mnyama yuko anamlinda mtu wake kimya kimya. Wengine ni waharibifu, na hao mtu hapati hivi hivi, lazima mzazi akuingize. Kibandi akiwa bado mtoto, baba yake anampeleka porini usiku na kumnywesha dawa inayoitwa mayamvumbi. Toka siku ile nungunungu mmoja anaacha kundi lake na kuja kuishi karibu na watu, kumtumikia bosi wake. Kibandi anakua, anajifunza useremala, anakuwa mtu mpole wa kuezeka nyumba za wenzake. Lakini usiku anatuma. Nungunungu anaenda, anarusha miiba yake, mtu anakufa. Hesabu inapanda mpaka karibu na mia. Kisha Kibandi mwenyewe anakufa, na hapa njo kuna ajabu. Kwa desturi yao, mnyama angepaswa kufa pamoja naye. Nungunungu hafi. Anakimbia, anajificha chini ya mbuyu, na anaanza kuuambia ule mti maisha yake yote.

Kitabu ni maneno hayo, mnyama anaongea na mti. Na anaongea bila nukta. Hakuna nukta hata moja katika masimulizi yake, ni koma tu, na aya zinaanza kwa herufi ndogo. Sisi tuliosomeshwa na walimu wa Kifaransa wenye kalamu nyekundu, jambo la kwanza tunalofanya ni kutafuta kosa. Kurasa kumi za kwanza zinachosha. Baadaye sikio linazoea, na unagundua kwamba hujapotea popote. Unajua nani amefanya nini, wapi, na saa ngapi. Ni vile wazee wetu walikuwa wakisimulia jioni: "na akaenda, na akafika, na akamukuta, kumbe…" Mabanckou, katika maneno yake ya mwanzo, anasema hadithi hii aliipata kwa mama yake, Pauline Kengué. Ukilijua hilo, zile koma hazionekani tena kuwa mchezo wa msomi wa Paris. Ni pumzi ya mtu anayesimulia.

Lakini kuna zaidi ya pumzi. Jiulize: ni nani anaongea bila kusimama? Ni yule anayeogopa kuulizwa. Ukinyamaza, mwenzako anapata nafasi ya kuingiza swali. Nungunungu ana maiti karibu mia nyuma yake. Akiweka nukta, mtu atamuuliza, "Na wewe je?" Kwa hiyo hasimami. Na tena amechagua msikilizaji asiyeuliza, mti. Sisi hapa Bukavu hatuna mbuyu, baridi ya milima yetu haiupendi, lakini kila mmoja anajua mtu ambaye siri yake amewahi kuisemea mahali pasipo na sikio: shambani, kandokando ya ziwa, au chini ya chupa.

Sasa nije kwenye neno la yule rafiki yangu, "balozi". Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisikia neno hilo wanafikiri mtu wa suti, na gari lenye bendera. Kwetu ni wingi wa mulozi, na hakuna bendera. Tunacheka tofauti hiyo kila mara tukikutana nao. Lakini baada ya kusoma kitabu hiki nimeiangalia mara ya pili. Balozi wa Dar ni mtu aliyetumwa. Hana neno lake, anabeba la mkubwa wake, na mkubwa akikosea, yeye njo anaitwa kujieleza. Huyo ni nungunungu kamili. Mulozi katika kitabu hiki ni Kibandi. Balozi, kwa maana ya ndugu zetu wa pwani, ni mnyama.

Na angalieni sababu za kutuma. Hapa njo Mabanckou ananitisha kuliko kwenye mambo ya usiku. Hakuna siri kubwa, hakuna shetani mwenye pembe. Mtu fulani ana deni na halipi. Kijana mmoja, Amédée, amesoma Ulaya, amerudi na majivuno, anadharau wanakijiji. Mwingine amekosea kwa neno moja tu. Ni mambo yale yale yanayotugombanisha sisi kwenye bomba la maji: deni, kiburi, wivu, mpaka wa kiwanja. Tofauti ni kwamba Kibandi ana wa kumtuma. Mtu mwenye hasira bila wa kumtuma atatukana, atarudi nyumbani, atalala. Mtu mwenye hasira na wa kumtuma, kesho yake kuna matanga. Hiyo ni siasa yote ya Kongo ya Mashariki kwa miaka thelathini, na imeandikwa na mtu wa Pointe-Noire aliyekuwa anaongea juu ya kitu kingine.

Mnajua ninakokwenda. Mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 1996, AFDL iliingia Bukavu. Katika wale waliotembea kutoka hapa mpaka Kinshasa walikuwamo watoto, tukawaita kadogo, jina la upendo kwa kitu kisicho cha upendo. Baada yao walikuja wengine, kwa makundi mengine, kwa majina mengine. Wengine walirudi. Wanaishi nasi. Wanabeba watu na pikipiki, wanauza vocha za simu, wanaimba kwaya. Bosi wao alikufa, au alipata cheo, au alibadilisha kundi. Wao wakabaki hai, sawa na nungunungu, wakati hadithi ilikuwa imepanga wafe pamoja naye.

Kuna mdogo mmoja wa mtaa wetu aliyepitia njia hiyo. Jina lake si la kuandika hapa. Sikumpa kitabu, Kifaransa chake ni cha shida. Nilimsimulia tu, jioni moja umeme ukiwa umekatika, kwa Kiswahili chetu, na niseme kweli, hadithi ilikubali Kiswahili kuliko nilivyotegemea: koma za Mabanckou zilikuwa "na" zangu. Alicheka mahali pa kucheka. Nilipofika mwisho aliuliza jambo moja tu:

"Na ule muti ulimujibu nini?"

"Haukujibu kitu."

Akafikiri. "Bon. Njo maana alisema yote."

Sijasoma uchambuzi wa kitabu hiki uliosema vizuri kuliko hapo. Huyu mdogo, tangu atoke porini, ameulizwa na wengi. Watu wa mashirika wenye fomu, wachungaji, jamaa, polisi. Kila mmoja alikuwa na nukta yake tayari. Kwa fomu alikuwa mhanga, kwa jirani alikuwa muuaji, kwa mchungaji alikuwa shuhuda wa kusimamishwa mbele ya kanisa. Hakuna aliyemwacha aseme sentensi ndefu, yenye "nilitumwa" na "nilipenda" na "niliogopa" ndani yake pamoja, bila kukatwa. Juu ukweli wa aliyetumwa ni sentensi ndefu. Ukiikata katikati inakuwa uongo, hata ukiikata kwa huruma.

Sheria yenyewe inapata shida hapo. Mwaka 2012 mahakama ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga, mtu wa Ituri, miaka 14 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 jeshini. Pale ilikuwa rahisi kuelewa: aliyetuma ana hatia, waliotumwa ni wahanga. Lakini mwaka 2021 mahakama ile ile ilimhukumu Dominic Ongwen wa Uganda miaka 25. Huyo alitekwa na LRA akiwa mtoto, akafundishwa kuua, akakua, akawa kamanda, akatuma wengine. Mahakimu walikubali kwamba alitekwa na kuteseka, wakapunguza adhabu juu ya hilo, lakini walimkuta na hatia kwa makosa 61. Sina ugomvi na hukumu ile, waliouawa wana haki yao. Nasema tu kwamba mahakama ina lazima ya kuweka nukta mwishoni. Riwaya haina lazima hiyo. Njo kazi yake, na njo sababu sikubali watu wanaosema eti riwaya ni anasa ya wenye muda.

Wengine mtakumbuka "Allah n'est pas obligé" ya Ahmadou Kourouma, ya mwaka 2000, nayo ilipata Renaudot. Birahima, mtoto askari wa Liberia na Sierra Leone, anasimulia na kamusi mkononi. Watu wengi wanavipa heshima tofauti: Kourouma eti ni wa vita, ni wa kweli, na Mabanckou ni wa hekaya. Mimi naviona ni ndugu. Na kwa jambo moja nungunungu anafika mbali kuliko Birahima. Birahima ni mtoto, na mbele ya mtoto tunakuwa na huruma mapema. Nungunungu si mtoto, tena si mzuri. Ana maringo. Anajisifu kwa akili yake, anadharau wanyama wengine, anadharau watu. Kuna mahali anasimulia kuua kama fundi anayesimulia kazi safi aliyoifanya. Mabanckou ametunyima mlango rahisi wa huruma. Ukimhurumia, unamhurumia ukijua.

Sasa kasoro, juu sisi si watu wa kupiga makofi tu.

Ya kwanza, majuto ya nungunungu yanakuja bosi akiwa amekwisha kufa. Yapo mahali anasema alisita, na kifo cha mtoto mchanga kinamrudia. Lakini alienda. Kujuta wakati hakuna tena wa kukutuma ni jambo jepesi. Nilisubiri kitabu kimbane hapo, hakikumbana vya kutosha. Kinamwachia njia ya kucheka, naye anapita.

Ya pili, waliokufa hawana sauti. Tunaambiwa majina ya wachache: Amédée, binti anayeitwa Kiminou, wengine kidogo. Mapacha wawili, Koty na Koté, njo wanaomsimamia Kibandi mwishoni, na ile sehemu ni kati ya zile bora. Lakini wengi ni namba. Msomaji wa Paris labda haoni shida. Msomaji wa hapa, ambaye namba amelishwa mpaka amechoka, anaona. Na wanawake hasa, wako pale kuolewa, kulia na kufa. Mama Kibandi peke yake anasimama kama mtu, mama anayemwomba mtoto asifuate njia ya baba yake. Ningependa kurasa hamsini zaidi za huyo mama.

Ya tatu njo inarudi kwa hofu ya rafiki yangu, na hii si ya kuchekwa. Katika kitabu, mtu anayeshukiwa uchawi ni mchawi kweli. Hapa kwetu, neno hilo linaua. Mtu akifa ghafla mtaani, hatujamaliza kulia mmoja anasema "karuho", na macho yanaanza kutafuta jirani. Mwaka 2021 habari zilitoka katika vijiji vya Kivu ya Kusini za wanamama waliouawa, wengine kwa kuchomwa, juu waliitwa wachawi. Wengi wanaoshutumiwa hivyo ni wazee, wajane, wasio na kijana wa kuwatetea. Basi je, kitabu ambacho uchawi wake ni wa kweli hakiongezi kuni?

Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni hapana, kwa sababu iliyo ndani ya kitabu chenyewe. Séképembé wana desturi: mtu akifa, jeneza linabebwa mabegani, na maiti inawaongoza wabebaji mpaka nyumbani kwa muuaji. Kibandi anajua namna ya kulidanganya jeneza, na analidanganya. Tazameni basi. Hata katika nchi ya hadithi, ambapo mayamvumbi inafanya kazi na mnyama anaongea, ile alama ambayo kijiji kizima kinaitegemea inamkosa mwenye hatia, na yeye anaendelea kuezeka nyumba za watu na kusalimiwa vizuri. Kama alama inakosea kule ambako uchawi ni kweli asilimia mia, sisi tunaochoma mama wa mtu juu ya ndoto ya jirani tunasimama juu ya nini?

Tena kitabu kinafanya ujanja mwingine mwishoni. Baada ya maneno ya nungunungu kuna barua ya mtu anayejiita l'Escargot entêté, yaani Konokono Mkaidi, mwenye baa ya "Verre Cassé". Anamwandikia mchapishaji kwamba haya maandishi yaliachwa na rafiki yake Verre Cassé, ambaye alikuwa mlevi na ameshakufa. Kwa hiyo tunachoshika mkononi ni ushuhuda wa mnyama, uliosemwa kwa mti, ukaandikwa na mlevi, ukatumwa na mwenye baa. Wengine wanaona ni mzaha wa mwandishi. Mimi naona ni onyo: kabla hujaamini, uliza habari imepitia kwa nani. Ushuhuda wa uchawi mtaani kwetu umepitia midomo mingapi kabla ya kufika kwenye jiwe na petroli? Hakuna barua inayoambatana nao.

Kwa hiyo kwa rafiki yangu aliyekirudisha, na kwa wengine wenye hofu ile ile, nasema hivi kwa heshima yote. Kuweka kitabu hiki nyumbani hakuleti kitu usiku. Kinacholeta kitu usiku ni mtu mwenye chuki na mtu wa kumtuma, na hao wawili tunao bila kusoma chochote. Kitabu kinachofanya ni kumgeuza yule wa pili atuangalie. Tumezoea kuuliza nani ametuma, na ni swali la haki, tusiliache. Lakini waliotumwa wako nasi kwenye benchi la kanisa, na siku moja watataka kusema. Swali ni kama tutakuwa na uvumilivu wa ule mti, au tutakuwa tumeshaandaa nukta yetu.

Wanafunzi wa Kifaransa mlio bado kwenye lisanse, kama mnatafuta mada ya kazi ya mwisho, nendeni hapo, kwa aliyetumwa. Mmechoka kuandika juu ya udikteta, na walimu wenu wamechoka kusoma.

Nakala yangu iko. Anayeitaka anitafute, nampa kwa wiki mbili, na safari hii afike mpaka kwenye barua ya Konokono.